Maji ya Juu Yanatoka Wapi

Mjomba wangu alinyang'anywa funguo za gari siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, kwa sababu ya meli aliyoipanda alipokuwa kijana. Najua inachekesha ukiisoma hivyo. Siku ile hakucheka mtu.

Ijumaa ukoo wetu hukutana kwa mama. Wanaume wakitoka msikitini huja moja kwa moja, viatu vinajaa mlangoni, na mama huteremsha masinia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilipili ya mbilimbi ambayo watoto waliozaliwa hapa Maskati wanaila kuliko sisi tuliozaliwa Unguja. Kisha kahawa na halwa, na hapo ndipo mambo hukatwa. Nani anaoa, nani kagombana na nani, nani apelekwe hospitali gani. Ukikosa kuja, utaamuliwa na wenzako.

Siku hiyo aliyeamuliwa alikuwapo. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amekaa pembeni na mto mgongoni, anamenya chungwa. Mwanawe, binamu yangu, mtu wa wizarani mwenye jumba mtaa wa Qurum, alikohoa kidogo akasema ana jambo. Alikuwa amempeleka baba yake kwenye zahanati moja ya watu binafsi, kwa sababu ya kusahausahau. Daktari, kijana mdogo, alitaka kupima kumbukumbu, akamwambia mzee amsimulie lolote la ujanani. Mjomba akipata msikilizaji mpya hajizuii. Alisimulia. Baadaye daktari alimvuta binamu kando akamwambia mzee ameanza kuchanganya alichokiota na alichokiishi, kwa hiyo asikae peke yake wala asiendeshe gari.

"Kamwambia nini khasa?" mama akauliza.

"Kamwambia alikuwa ndani ya meli, na meli ikapanda mlima."

Mama akaweka kikombe chini. "Mbona hiyo kaisema tangu hana mvi hata moja? Huo uongo wake wa zamani, si maradhi. Nendeni mkamwambie daktari wenu, huyu haumwi. Ni muongo tu."

Nilimtazama mjomba. Nafikiri utetezi ule ulimuuma kuliko maneno ya daktari. Aliacha kumenya chungwa.

Binamu hakuwa mtu mbaya, na sitaki aonekane hivyo. Aliogopa. Tangu mkewe mjomba alipofariki, mzee anaishi peke yake Al-Khuwair, anajipikia, anajiendesha mpaka Ruwi kunywa chai na wenzake wa zamani walio hai. Binamu alitaka ahamie Qurum, kwenye chumba cha chini chenye mlango wake, na gari liuzwe. Alikuwa tayari amezichukua funguo. Alisema ataamua Ijumaa ijayo, akishatusikia na sisi. Mjomba hakubisha. Alisema neno moja tu: "Ikiwa mimi mwendawazimu, basi nimekuwa mwendawazimu tangu nina miaka ishirini na kitu."

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kazi yangu ni ufamasia, lakini maradhi yangu ni udadisi, na sijapata kuyatafutia dawa. Hadithi ile nilikuwa nimeisikia tangu nikiwa mdogo, nikacheka na wenzangu, na sikuwahi hata siku moja kuuliza kama ni kweli. Sasa nyumba ya mtu na gari lake vilikuwa vimening'inia juu yake. Nikataka kujua.

Hadithi yenyewe ni hii. Baada ya mambo ya Unguja, yale ya mapinduzi, mjomba alipata nafasi ya masomo Urusi, kusomea udaktari wa mifugo, katika mji ulio kando ya mto Don. Kiangazi kimoja wanafunzi wa kigeni walichukuliwa matembezi kwa meli. Walipanda mto, kisha wakaingia kwenye mfereji uliochimbwa na watu, na mfereji ule ukapanda. Meli inaingia kwenye chumba cha zege, milango inafungwa nyuma yake, maji yanafura, meli inainuka mpaka unauona upande wa pili, milango ya mbele inafunguliwa, inatoka. Mbele kuna chumba kingine. Huko juu waliikuta nyika kavu, na mchunga kondoo alikuwa amesimama chini yao, anainua uso kuitazama meli. Kisha wakateremka upande wa pili, chumba baada ya chumba, mpaka wakatokea mto mwingine, Volga. Na pale pa kutokea, kando ya maji, palikuwa na jukwaa kubwa la mawe la kuwekea sanamu, na juu yake hapakuwa na kitu. Aliuliza nani alikuwa pale, na hakujibiwa.

Alipokuja Oman miaka ya sabini, akapata kazi ya kutibu mbuzi na ngamia wa watu, aliisimulia hadithi hii kijijini kwa jamaa zetu wa bara ya Oman, huko tulikorithi mitende michache na zamu ya maji. Kosa lake lilikuwa moja. Watu wale mfereji wanaoujua ni falaj, ule wa kumwagilia mashamba, unaotoka kwenye kisima cha kwanza mlimani, wanachokiita mama, na kushuka wenyewe mpaka kwenye mitende. Falaj hauna pampu wala mlango wa chuma, na maji yake hayakufiki magotini. Naye akawaambia, "Warusi wana falaj lao, meli inapita, inapanda mlima." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mpaka leo kijijini kuna wazee wanaomwita Nahodha.

Mama hakucheka tu. Mama aliuliza. Alikuwa mwanamke kijana aliyetoka mjini Unguja, hajui mtende una matumizi gani zaidi ya tende, lakini kwa miaka michache aliyokaa kijijini alijifunza maji kuliko wanaume wengi: zamu zinagawanywa vipi, nani kamwibia nani, mfereji uteremke kiasi gani ili maji yasisimame wala yasibomoe kingo. Akamwambia kaka yake: "Kila mlango ukifunguliwa, maji yanakwenda chini. Meli inapita asubuhi, inapita mchana, inapita jioni. Huko juu maji yanatoka wapi?"

Mjomba hakujua. Yeye alikuwa daktari wa mbuzi. Alisema labda kuna chemchemi. Mama akamuuliza chemchemi gani ya kubeba meli juu ya nyika kavu aliyoisimulia mwenyewe. Akakosa jibu, na tangu siku hiyo neno likawa hilo. Kila akiianza hadithi, mama anasema, "Maji ya juu yanatoka wapi?" na mjomba anageuza maneno.

Sasa nikalitafuta jibu. Nilianza jioni ya Jumamosi nikidhani nitamaliza kabla ya chakula, na wiki nzima nikawa nakwenda kazini macho mekundu. Mfereji upo. Unaitwa kwa majina ya mito miwili unayoiunganisha, na kisa chake ni kirefu kuliko nilivyotarajia. Mito ile miwili inakaribiana sana mahali pamoja, kisha kila mmoja unageuka unakwenda zake, mmoja kwenye bahari ya Azov, mwingine kwenye Kaspi. Kila aliyetazama ramani alipata wazo lilelile. Zamani watu walikokota mashua zao nchi kavu kutoka mto mmoja hadi mwingine. Waturuki wa dola ya Uthmaniya walituma watu wakachimbe, wakashindwa. Mfalme mmoja wa Urusi naye alichimba baadaye, akaacha. Mfereji ulikamilika baada ya vita vikuu vya pili, katika nchi ambayo mji wake mkubwa wa jirani ulikuwa umebomolewa wote.

Nilijikuta nawaonea huruma Waturuki wale. Nilifikiri mtu ametoka kwao, joto lote lile, kapewa sururu, kaambiwa unganisha mito.

Katikati ya wiki nilikwenda Al-Khuwair kumwona mjomba. Nilimkuta amekaa barazani, na gari lake limeegeshwa pale pale uani, limeanza kushika vumbi. Nilimwuliza nani aliuchimba mfereji, nikitaka kuona atasema nini.

"Mwongozaji alisema wananchi," akajibu. "Wananchi, kwa moyo mkunjufu. Lakini palikuwa na baharia mzee kwenye ile meli. Nikamuuliza yeye. Hakusema. Alifanya hivi." Mjomba akaiweka mikono yake miwili pamoja, kifundo cha mkono mmoja juu ya cha mwengine, kama iliyofungwa kamba.

Nilikuwa nimekwisha soma. Waliochimba walikuwa wafungwa, wa kwao na wale wa vita, pamoja na wafanyakazi wa kawaida na mashine zao.

"Mbona hii hujapata kutusimulia?"

"Mambo ya wafungwa hayasemwi penye chakula, mwanangu. Na mama yako anajua kwa nini."

Najua na mimi. Baba yao alifungwa Unguja, akarudi, hakusimulia. Niliacha hapo. Mjomba akanitia chai, akaniuliza kama naamini meli ilipanda. Nikamwambia naamini. Akasema, "Wewe unaniamini kwa sababu umesoma," akanyanyuka kwenda kutafuta sukari.

Alhamisi, ili niwe tayari, nilijaribu kutengeneza mfano wa vile vyumba vya maji kwa kasha la barafu, lile la kubebea samaki, na sinia mbili za bati niziingize katikati kama milango. Nilitumia plasta ya kuzibia vidonda, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Maji yalipita kila mahali. Mume wangu aliingia jikoni, akaitazama sakafu, akatoka. Nikaamua tutatumia televisheni.

Ijumaa ikafika. Masinia yakaondolewa, kahawa ikaletwa, binamu akakohoa kama wiki iliyopita. Nikamwambia asubiri kwanza. Nilikuwa nimepata picha za video zilizopigwa na mtalii mmoja aliyesafiri njia ileile, kutoka Don kwenda Volga, nikaziweka kwenye televisheni ya mama.

Meli nyeupe ikaingia kwenye chumba cha zege. Milango ikafungwa. Ukuta ulioloa ukaanza kushuka taratibu, au meli ndiyo iliyokuwa inapanda. Mke wa kaka yangu akasema, "Subhana llah." Wajukuu wakakaribia mpaka wakaambiwa warudi nyuma. Kisha milango ya mbele ikafunguka, na meli ikatoka ikiwa juu.

Mama aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haya," akasema. "Nnaona inapanda. Maji ya juu yanatoka wapi?"

Hilo nilikuwa nalingojea kwa hamu. Nikamwambia kuna mabwawa huko juu, na kuna pampu kubwa zinazoyavuta maji kutoka mto Don na kuyapandisha mpaka kwenye mabwawa hayo, ndiyo yanayoteremka kila mlango ukifunguliwa.

Mama akafikiri. "Yaani yanachukuliwa chini, yanapelekwa juu kwa mashine, ndo yanateremka wenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kama tangi letu la darini."

"Kama tangi la darini."

"Basi si angesema!" Akamgeukia kaka yake. "Miaka yote hii unanambia chemchemi!"

Watu wakacheka, na mjomba akacheka nao, macho yamemng'aa. Mimi nilifurahi mno nikajisahau, nikaiacha video iendelee. Meli iliteremka upande wa pili, ikapita chini ya tao kubwa jeupe, ikatokea kwenye mto mpana. Na pale kando ya maji palikuwa na jukwaa la mawe, refu, kama mjomba alivyosema siku zote. Juu yake amesimama mtu wa zege, mkubwa ajabu, koti limepeperuka.

Binamu alimwona kabla yangu. Alisema kwa sauti ya chini, bila kebehi yoyote, "Baba, wewe umesema hapana mtu pale juu. Tangu mimi mdogo unasema hapana mtu."

"Hapakuwa na mtu," mjomba akasema.

"Huyu hapa, baba. Huyu si wa jana. Mfereji na mambo haya ungeweza kuyasoma mahali, au ukaambiwa na wanafunzi wenzako. Ndivyo alivyosema daktari."

Mjomba aliitazama televisheni muda mrefu. Niliona kitu ambacho sikupenda kukiona: alianza kujitilia shaka. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa mkeka. "Hapakuwa na mtu," akarudia, lakini mara hii alikuwa anajiuliza. Nilipandwa na hasira, kwa binamu, kwa daktari, kwa lile zege lenyewe. Nikachukua simu.

Wakati kahawa inazunguka mimi nimeinama natafuta. Mama alinambia niache, nisimchoshe kaka yake. Sikuacha. Mtandao umejaa picha za mambo ya kale ya nchi za watu ikiwa una subira, na niliipata, kisha nikapata na maelezo yake, nikayasoma mara mbili kabla sijafungua mdomo.

Nikawasomea. Pale juu alikuwapo mtu kwanza, sanamu ya mtawala aliyeamrisha mfereji ukamilishwe. Alipofariki, na waliomfuata wakaanza kumkana, sanamu yake ikateremshwa. Jukwaa likakaa tupu miaka kadhaa. Huyu tunayemwona sasa, kiongozi aliyemtangulia, aliwekwa baadaye, katika miaka ya sabini, mjomba ameshamaliza masomo na kuondoka. Nikawaonesha na picha ya zamani: mto, ngazi, jukwaa la mawe, na juu yake mbingu tu.

Simu ilipita mkono kwa mkono. Ilipofika kwa mama aliishikilia karibu na uso wake.

"Mtu aliyesoma angesema pana sanamu," nikasema. "Aliyesema hapana ni yule aliyepita kipindi kile kwa macho yake."

Mama alimpitishia binamu simu bila kumtazama. Akamwambia mjomba, na sijapata kumsikia akizungumza naye kwa upole vile, "Kaka, meli ilipanda."

"Ilipanda," mjomba akasema.

Binamu akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu yake ya dishdasha, akatoa funguo, akaziweka juu ya mkeka mbele ya baba yake. Akambusu kichwani. "Nisamehe, baba. Hamia Qurum ukitaka mwenyewe. Usipotaka, basi."

Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa najiona. Nilianza kukusanya vikombe nikijua kuwa kila mtu ananitazama.

Mjomba hakuzigusa funguo. Aliomba kahawa, akanywa, akakitikisa kikombe kuonesha imetosha, akakirudisha. Kisha kwa ncha ya kidole akazisukuma funguo zikarudi kwa mwanawe.

"Zichukue."

"Baba, nishasema basi."

"Nimekusikia. Na mimi sasa mnanisikia. Wiki iliyopita ningesema hili, mngesema ndo yaleyale, mzee kaharibikiwa tangu zama za meli yake. Sasa mmejua meli ni kweli. Basi na hili ni kweli. Njia ya Ruwi inanipotea."

Akaendelea polepole, akichagua maneno. Alitoka Al-Khuwair kwenda Ruwi kama siku zote, njia aliyoipita tangu barabara ile haijatiwa lami ya pili, na badala ya kushika upande wa mashariki alishika wa magharibi. Alikwenda, akakwenda, akiona kila kitu ni sawa. Alipozinduka yuko Rusayl, katikati ya viwanda, malori kulia na kushoto, na hajui milima iwe upande gani wa gari. Akaegesha kando ya ukuta. Jina la mtaa wake likamkataa. Alikaa pale na kiyoyozi kimewaka mpaka jina likarudi lenyewe, akauliza njia, akarudi.

"Na si mara moja," akasema.

Mama alikuwa amekishika kitambaa cha kichwani kwa mikono miwili. "Lini hiyo?"

"Kabla ya Ramadhani. Na tena baada ya Idi."

"Na simu unayo mfukoni. Kaka, mie niko hapa, mlango wangu haufungwi. Kwa nini hukunipigia mie?"

Mjomba akamtazama dada yake.

"Kwa sababu hilo ungeliamini."

Mama alilia pale pale, mbele ya watoto na wajukuu, na mjomba akawa anampigapiga begani akimwambia anyamaze, chai inapoa, ilhali hapakuwa na chai.